Lori Kuukuu Likianza Kulia Ta-ta-ta na Oili Kukosa Presha

Katika skimu nyingi za wakulima lori si gari la fahari. Ni chombo cha kazi kama jembe, na mara nyingi ni mali ya watu kumi au ishirini waliochanga fedha wakanunua lori lililokwisha kumfanyia mtu mwingine kazi miaka mingi. Bedford za namna ya TJ, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na Land Rover za zamani, bado huonekana hapa na pale zikipanda milima na magunia ya viazi au mikebe ya maziwa. Injini zake ni za chuma kizito na fundi yeyote mwangalifu aweza kuzifungua na kuzifunga. Lakini zina adui mmoja, nayo ni oili isiyofika mahali pake.

Chama kimoja cha wakulima wa viazi huko Kinangop kilikuwa na lori la namna hiyo. Taa nyekundu ya oili ilianza kuwaka kila dereva alipoondoa mguu kwenye moto, na injini ikawa inalia ta-ta-ta kama cherehani. Fundi wa kando ya njia akawaambia kwamba ni swichi ya taa tu iliyoharibika, akachomoa waya wake. Taa ikazima, na watu wakafurahi kwa kuwa kazi ile iligharimu shilingi chache. Baada ya siku tisa, lori likipanda mlima na magunia 80 ya kilo 50 kila moja, konrodi ilikatika ikatoboa injini ubavuni. Viazi vilikaa kando ya barabara siku mbili, vikauzwa kwa bei ya kutupa, na wako waliokuwa wamekwisha kuzihesabu fedha zile kuwa ni karo ya watoto. Swichi haikuwa mbovu hata kidogo. Taa ilikuwa ikisema kweli.

Basi yafaa kila mwenye hisa katika lori, si dereva peke yake, ajue jambo hili jinsi lilivyo.

Oili ndani ya injini huenda kama maji ya mfereji. Chini kabisa mna sampu, ndiyo bwawa. Pampu huvuta oili kutoka humo kupitia chujio la waya, huipitisha katika filta, kisha huisukuma katika mifereji iliyotobolewa ndani ya chuma mpaka kwenye beringi za kranki, za konrodi, na za kamshafti. Mwisho wa safari hupanda juu kichwani, mahali zilipo roka zinazofungua na kufunga valvu. Kila mkulima aliyewahi kugawana maji na jirani zake ajua kwamba bomba likitoboka huku chini, shamba lililo mwisho wa mfereji ndilo linalokauka kwanza. Vivyo hivyo injini. Beringi zikilika, nafasi kati ya beringi na kranki hupanuka, oili humwagika hapo kwa wingi, na presha huanguka. Roka zilizo juu hukosa oili, nazo huanza kugongana chuma kwa chuma. Ndiyo sababu kelele na presha ndogo mara nyingi huja pamoja. Lakini si kila mara, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia.

Anza na jambo lisilo na gharama. Simamisha lori mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika kumi ili oili irudi chini, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena na kukisoma. Nimeona lori likipelekwa garaji mji wa mbali kumbe lilipungukiwa na oili lita tatu tu. Ukiwa na kijiti mkononi, itazame oili yenyewe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na injini isiwashwe tena mpaka fundi ajue yalipopita. Ikiwa nyepesi na inanuka petroli, basi petroli inavuja ndani, pengine kwa sababu ya ngozi ya pampu ya petroli iliyopasuka. Oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kushika presha, hata kama beringi ni mpya.

Ikiwa oili ni ya kutosha na ni safi, swali linalofuata ni kama taa inasema kweli. Taa ile hufanya kazi kwa njia rahisi. Ndani ya swichi iliyo ubavuni mwa injini mna kiwambo chembamba. Presha ikiwapo hukisukuma, umeme ukakatika, na taa ikazima. Presha ikikosekana kiwambo hurudi, na taa huwaka. Kwa hiyo ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa sharti iwake. Isipowaka, ama balbu imeungua ama waya umechomolewa, na mwenye lori anaendesha kama kipofu. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha injini, taa itawaka wakati wote, hata presha ikiwa nzuri. Tena jueni kwamba swichi nyingi huzima taa presha ikifika ratili 5 au 10 tu kwa inchi ya mraba. Taa kuzima si ushahidi wa afya. Ni ushahidi kwamba mgonjwa hajafa.

Kwa sababu hiyo usikubali injini ifunguliwe, wala usikubali kuambiwa kwamba ni swichi tu, kabla presha haijapimwa kwa geji ya kweli. Fundi hufungua swichi, hufunga mahali pake mpira wa geji ya mkono, na injini huwashwa. Kazi hii haichukui hata nusu saa. Pimeni mara mbili, injini ikiwa baridi na tena baada ya kuendesha lori mpaka lipate moto sawasawa, kwa maana oili baridi ni nzito na huficha ubovu. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kama hakipo, mafundi wengi hutumia kipimo hiki: ratili 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, injini ikiwa moto. Injini nyingi za zamani zilizo nzima huonyesha ratili 40 hadi 60 zikiwa safarini, na ratili 10 hadi 20 zikinguruma polepole.

Geji haisemi tu kwamba presha ni ndogo, bali yaweza pia kuonyesha sababu, mtu akiitazama kwa saburi. Presha ikiwa nzuri asubuhi, kisha injini ikipata moto inaanguka wakati wa kunguruma polepole lakini inapanda tena mguu ukikanyaga moto, kwa kawaida beringi zimelika. Ikiwa ndogo wakati wote, baridi au moto, polepole au kwa kasi, itazameni pampu, na pia ile valvu ndogo inayopunguza presha ikizidi. Springi yake huchoka, au uchafu huizuia isifunge, na kuisafisha ni kazi ya saa moja. Ikianza vizuri kisha ikashuka kadiri injini inavyozidi kukimbia, shuku chujio la sampu limezibwa na tope jeusi. Tope hilo huwa kwa wale wanaobadilisha oili mwaka kwa mwaka. Ikianguka lori linapopinda kona au kupanda mlima, rudi kwenye kijiti, kwa sababu pampu inavuta hewa.

Sasa habari ya kelele. Kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Kwa hiyo kelele ya valvu na roka ni nyepesi, ya juu juu, tena huenda nusu ya mwendo wa injini. Kelele ya konrodi ni nzito zaidi, kama nyundo inayogonga mbao, nayo hufuata mwendo wa kranki wenyewe. Husikika zaidi lori likivuta mzigo, au pale dereva anapoondoa mguu ghafula. Kutafuta mahali inapotoka, chukua bisibisi ndefu au kijiti kigumu, weka ncha moja juu ya chuma na nyingine karibu na sikio, uende ukisikiliza sehemu baada ya sehemu. Kunja mikono ya shati na ujihadhari na feni na mkanda wake. Kwenye injini ya petroli, fundi aweza pia kuchomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, akishika kwa kitu kisichopitisha umeme. Kelele ikipungua alipoizima silinda fulani, konrodi ya silinda hiyo ndiyo yenye maradhi, na lori lisiende tena hata maili moja. Livutwe.

Ziko kelele mbili zinazodanganya. Gasketi ya ekzosi ikipasuka hutoa sauti ya ta-ta-ta iliyo sawa kabisa na ya tapeti, ila hiyo huwa kubwa asubuhi na hupungua chuma kikipata moto na kutanuka, na ukitazama utaona masizi meusi pale inapovujia. Ya pili ni kelele ya sekunde mbili tatu wakati wa kuwasha asubuhi, ambayo hutoka kwa sababu oili ilirudi chini usiku. Hiyo si ya kumnyima mtu usingizi.

Presha ikionekana kuwa nzuri na kelele iko juu, fungueni kifuniko cha roka. Kwanza tazameni kama oili inafika na kulowesha kila roka injini ikinguruma. Ikiwa inafika, yaelekea ni nafasi za tapeti tu. Katika Land Rover za zamani zenye injini ya lita 2.25, nafasi hiyo ni inchi 0.010 kwa valvu zote nane, nazo hupimwa kwa vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Ipo hesabu nzuri ya kukumbuka kazi hii, ambayo hata mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya. Hesabu valvu kutoka mbele, moja hadi nane. Zungusha injini kwa mkono mpaka valvu moja iwe imefunguka kabisa, kisha rekebisha ile ambayo ukijumlisha namba zake mbili unapata tisa. Ya nane ikiwa wazi, rekebisha ya kwanza. Ya sita ikiwa wazi, rekebisha ya tatu. Legeza nati, geuza skrubu mpaka kibati kipite kwa kukwaruza kidogo, kaza nati huku umeishika skrubu isigeuke, halafu upime tena. Roka ikiwa imelika na kufanya kishimo, kibati hupita juu ya kishimo na kukupa kipimo cha uongo, na kelele haitakwisha mpaka roka ibadilishwe. Injini nyingine zina vipimo vyake, basi msitumie hiki kwa Bedford.

Wako watakaowashauri mtie oili nzito zaidi, au dawa ya chupa. Sisemi kwamba haisaidii. Oili nzito huinua presha kidogo na kupunguza kelele, na kama mavuno yako shambani na fedha hazipo, chama chaweza kuamua kuendesha lori hivyo kwa majuma machache, mzigo ukiwa mdogo na mwendo wa pole. Lakini mjue kwamba mnakopa. Beringi zikibadilishwa mapema, kranki ikiwa bado laini, mnalipa beringi na kazi ya fundi. Mkingoja mpaka kranki ikwaruzike, lazima itolewe ipelekwe kusagwa na ifungwe beringi za kipimo kidogo, yaani pungufu ya inchi 0.010, 0.020, au zaidi. Mkingoja tena zaidi, hakuna cha kusagwa.

Kabla ya kumwamini fundi yeyote, mwombeni oili imwagwe mbele yenu ndani ya beseni safi, kupitia kitambaa cheupe. Punje zinazong'aa rangi ya fedha au ya shaba, zisizonaswa na sumaku, kwa kawaida zimetoka kwenye beringi. Punje zinazonaswa na sumaku ni za chuma, za kamshafti, tapeti, au sehemu nyingine. Kitambaa hicho kihifadhiwe kionyeshwe kwenye mkutano wa chama, maana wanachama watoao fedha wana haki ya kuona kinachotengenezwa. Oili chafu isimwagwe mtoni wala karibu na kisima, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa oili iliyotumika hudhuru ngozi.

Lori likiisha kutengenezwa, tumieni fedha kidogo zilizobaki kununua geji ya presha yenye mshale na kuifunga mbele ya dereva, taa nayo ibaki mahali pake. Kila Jumamosi, injini ikiwa moto, dereva aandike katika daftari namba mbili, ya kunguruma polepole na ya mwendo wa kawaida, pamoja na maili zilizosomwa siku hiyo na oili iliyoongezwa. Presha ikishuka kwa ratili tano katika miezi miwili, itaonekana kwenye karatasi kabla taa haijawaka. Daftari likae garini, na kalamu ifungwe kwa uzi.