Hofu ya utotoni ndani ya nyumba ya ndoa

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tuzungumze juu ya jambo linaloingia katika nyumba nyingi bila kubisha hodi: namna mtoto anavyojifunza kujikinga na hofu, na namna kinga hiyo inavyomfuata ukubwani, katika ndoa yake na katika mwili wake.

Tuanzie Ruaha, mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, kandokando ya barabara itokayo Mikumi kuelekea Kidatu na Ifakara. Maisha ya hapo huenda kwa majira ya miwa. Msimu wa kukata unapofunguliwa, watu huja kutoka mbali kutafuta kibarua katika mashamba ya sukari yaliyo pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu. Wapo waachao watoto nyuma kwa babu na bibi. Mtoto wa miaka minne hajui maana ya msimu wala mshahara. Anachokijua ni kwamba alilala baba yupo, akaamka baba hayupo.

Mtoto huyo hulia siku za mwanzo. Akiona kilio hakimrudishi mtu, huenda akanyamaza, na majirani wakamsifu kuwa ni mpole asiye na usumbufu. Kumbe amepiga hesabu yake mwenyewe: kumhitaji mtu kunaumiza, basi heri asimhitaji yeyote. Mwingine hufanya kinyume chake. Humng'ang'ania aliye karibu naye na haachii upindo wa kanga. Wa tatu, aliyelelewa na mzee mkali, hujifunza kusikiliza nyayo. Mlango ukifunguliwa tu hujua kama leo kuna kipigo, naye hukimbilia kumridhisha kila mtu kabla hajaulizwa neno.

Watoto wote watatu wametumia akili waliyojaaliwa ili waishi. Hakuna wa kulaumiwa kati yao. Tabu huanza pale hatari inapopita na kinga ikabaki.

Waliokuwa watoto Kilosa

Wilaya ya Kilosa imepitia misiba mizito. Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliondoa roho za watu 38. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia mjini Kilosa, reli ya kati ikaharibika na maelfu ya watu wakapoteza makazi, wengi wakaishi katika mahema. Aliyekuwa na miaka sita wakati wa mafuriko yale leo ni mtu mzima, na huenda ana mwenza na mtoto. Unga na mablanketi ya misaada huhesabika. Hofu ya mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka maji usiku haihesabiki kwa urahisi, na mvua kubwa yaweza kuiamsha baada ya miaka mingi.

Hata nyumba ambayo haikufikiwa na mafuriko yaweza kuwa na hofu yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Tujiulize basi, fimbo imemkunja mtoto kuelekea adabu, au imemkunja kuelekea woga?

Wawili chini ya dari moja

Tuchukue mfano wa mume aliyejifunza utotoni kutomhitaji mtu, na mke aliyejifunza kung'ang'ania. Siku ya kutofautiana, mume hunyamaza, akatoka akakaa kijiweni mpaka usiku. Kwake yeye ukimya ni usalama. Kwa mkewe ukimya huo ni kuachwa tena, kwa hiyo humfuata, humuuliza na kumlaumu. Kadiri anavyofuata ndivyo mume anavyozidi kukimbia. Mume huitwa jiwe, mke huitwa mwenye gubu. Wazee wakiketi nao husuluhisha lililo juu, pesa ya matumizi au simu isiyopokelewa, na mizizi hubaki ardhini.

Sehemu ya ujuzi wa mambo haya ina asili yake hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wachanga majumbani mwao. Aliona kwamba mtoto aliyezoea kuitikiwa na mama hutambaa kwenda mbali, akageuka kumtazama mama yake, kisha akaendelea na mchezo. Anathubutu kwa sababu anajua pa kurudi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1967, na elimu kubwa ya malezi ya leo ilijengwa juu yake.

Mwili nao husikia. Mtu akiogopa, moyo hwenda mbio, misuli hukaza na mwili humwaga homoni za kumwandaa kupigana au kukimbia. Hiyo ni neema wakati wa hatari. Hali hiyo ikidumu miaka, usingizi, tumbo na shinikizo la damu huweza kuathirika. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walitoa utafiti uliohusu maelfu ya watu wazima: waliopata madhila mengi utotoni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo, huzuni kali na ulevi. Utafiti huo ulieleza hatari, haukumhukumu mtu. Wapo wengi waliopita hapo wakawa na afya na nyumba njema.

Qur'ani Tukufu nayo imetusimulia habari ya Nabii Yaakub (A.S.), ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni ya kumpoteza Yusuf. Basi anayelalamika kichwa na tumbo kila panapozuka ugomvi nyumbani asiharakishwe kuambiwa anajisingizia.

Mfano wa Bibi Khadija

Mtume wetu (S.A.W.) aliyajua machungu ya utoto. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, na babu yake alipofika miaka minane. Hata hivyo aliirefusha sijda mjukuu wake alipompanda mgongoni, na alifupisha sala aliposikia kilio cha mtoto kwa kumwonea huruma mama yake. Mtu mmoja alipotaja kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, Mtume alimfahamisha kuwa asiyehurumia naye hatahurumiwa.

Tutazame siku aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka na kuomba afunikwe. Bibi Khadija (R.A.) hakumlaumu. Alimfunika kwanza, hofu ikapungua. Aliposikia habari yake alimtuliza kwa kumtajia wema wake, kuunga udugu na kuwasaidia wanyonge. Kisha akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, mtu mwenye elimu.

Utaratibu huo unatutosha. Mwenzako akitetereka, mtulize kwanza, maswali yaje baadaye. Mtajie wema wake badala ya kumpa majina. Jambo likizidi uwezo wenu, nendeni kwa mjuzi: hospitali, ustawi wa jamii, sheikh mwenye hekima. Dua na dawa havigombani. Na anayenyamaza naye aseme japo sentensi moja kabla ya kutoka: "Nimezidiwa, natoka kidogo, nitarudi tuzungumze." Kisha arudi kweli. Ikiwa nyumbani kuna kipigo, la kwanza ni usalama wa anayepigwa na watoto, na historia ya mpigaji si udhuru.

Kwa wazazi wanaosafiri kutafuta riziki, safari hiyo si dhambi. Muageni mtoto akiwa macho, mwambieni mtarudi lini kwa maneno anayoyaelewa, na mkipiga simu kwa bibi ombeni kuzungumza naye. Mkirudi akawakimbia au akawanunia, msimchape. Anawapima tu kama safari hii mmekuja kukaa.

Mola azijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma. Wabillahi tawfiq.