Je, Wajua? Valvu ikipauka, imekufa
Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo wa kandokando ya Ziwa Victoria, ilishika kasi miaka ya 1960, enzi ambapo amplifaya nyingi zilitumia valvu, mirija ya kioo isiyo na hewa ndani. Ukiuziwa amplifaya kuukuu Kisumu, usidanganywe na mwanga: valvu iliyochoka huweza kuwaka vizuri kabisa huku besi ikilegea. Tazama doa la fedha ndani ya kioo. Wengi hudhani ni masizi. Kumbe ni bariamu, inayomeza mabaki ya hewa. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, kwisha. Kisha washa amplifaya, uigonge valvu taratibu kwa kijiti kikavu: ikilia kama kengele kwenye spika, ibadilishe. Ndani ya amplifaya mwachie fundi. Mamia ya volti huweza kubaki hata plagi ikishachomolewa.