UTI: mkojo upimwe kwanza, dawa baadaye

Watafiti wa mradi wa HATUA walikusanya mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 katika Kenya, Tanzania na Uganda. Wote walikuwa wamefika kwenye vituo vya afya wakiwa na dalili za maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI. Mkojo wao ulioteshwa maabara ili ijulikane kama kweli una vimelea. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, waliothibitika kuwa na maambukizi hayo walikuwa asilimia 35 tu.

Wapo miongoni mwa waliobaki ambao huenda walishameza dawa nyumbani, na dawa huficha vimelea. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza. Siku hizi UTI imekuwa jina la kila kinachouma chini ya kitovu. Kiuno kikiuma, UTI. Uchafu ukitoka ukeni, UTI. Mtoto akichemka na malaria isionekane, UTI. Kisha mtu huenda duka la dawa, hununua vidonge kadiri ya fedha aliyonayo mfukoni, humeza siku mbili, akipata nafuu anaacha.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mkojo hutengenezwa kwenye figo, hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Maambukizi mengi huanzia huku chini, vimelea vikapanda kuelekea kwenye kibofu. Anayeongoza ni bakteria aitwaye E. coli, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na daktari Theodor Escherich mwaka 1885. Bakteria huyu huishi ndani ya utumbo mpana wa kila mmoja wetu, na akiwa huko kwa kawaida hana shida na mtu. Shida huanza anapohama kutoka njia ya haja kubwa na kuingia njia ya mkojo. Ana nyuzi nyembamba sana mwilini mwake ambazo hushika ukuta wa kibofu, hata mkojo upite kwa nguvu haumng'oi.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini wanawake huugua zaidi. Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamume hufika sentimita 20. Tena tundu lake liko karibu na uke na njia ya haja kubwa, na tendo la ndoa husukuma vimelea kuingia ndani. Inakadiriwa kuwa nusu ya wanawake hupata UTI angalau mara moja maishani. Kwa hiyo mume asimtilie shaka mkewe kwa sababu ya UTI. Ugonjwa huu hauhesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa, na mwenye kuupata si mchafu wala si mkosefu.

Lawama nyingine hutupiwa choo cha umma. Wasichana wengi wamefundishwa kwamba UTI "inarukia" kutoka chooni, basi wanabana mkojo kutwa nzima shuleni, sokoni au safarini. Kwa kuwa vimelea vingi hutoka mwilini mwa mtu mwenyewe, choo si chanzo kikuu cha maambukizi. Mkojo unaokaa muda mrefu kwenye kibofu, kwa upande wake, huvipa vimelea nafasi ya kuzaliana. Msichana anayekataa kunywa maji asubuhi ili asihitaji choo cha shule anajiweka kwenye hatari ileile anayoikimbia. Kosa hilo si lake. Ni la sisi watu wazima tunaojenga madarasa na kusahau vyoo vyenye maji na milango inayofungwa.

Wengine walio katika hatari ni wenye kisukari, wenye mawe kwenye figo, waliowekewa mpira wa mkojo, na wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa homoni inapopungua, bakteria rafiki wanaoulinda uke hupungua nao. Kwa wanaume wenye umri mkubwa, tezi dume iliyovimba huzuia kibofu kisimalize mkojo. Mwanamume akipata UTI achunguzwe kwa makini zaidi, kwa sababu mara nyingi kuna jambo nyuma yake.

Mjamzito ana habari yake peke yake. Mimba hulegeza mirija ya mkojo na tumbo linalokua huibana, hivyo mkojo hutiririka polepole. Anaweza kuwa na vimelea bila kuhisi maumivu yoyote, navyo vikapanda hadi kwenye figo na kusababisha uchungu kabla ya wakati au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kliniki si cha kuruka. Watu wengine wengi wenye vimelea kwenye mkojo lakini wasio na dalili hawahitaji dawa hata kidogo.

Dalili za UTI ya kibofu ni maumivu ya kuunguza wakati wa kukojoa, haja ndogo ya mara kwa mara inayokuja kwa haraka na kutoa matone machache, na maumivu ya chini ya tumbo. Mkojo unaweza kuwa na ukungu au damu. Kuwashwa na kutokwa na uchafu ukeni huelekeza zaidi kwenye fangasi au magonjwa ya zinaa, ambayo yana dawa zake. Nako Unguja na Pemba, damu kwenye mkojo wa mtoto yaweza kuwa kichocho. Dawa za UTI haziui minyoo ya kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli.

Ndiyo maana nasisitiza vipimo. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hutoa jibu kwa dakika chache, na mkojo wa asubuhi ndio unaofaa zaidi. Mwanamke mwenye dalili zote za kibofu na asiye na uchafu ukeni anaweza kuanzishiwa dawa na mtabibu bila kusubiri maabara. Lakini UTI ikirudi tena na tena, au dawa ikigoma, mkojo uoteshwe. Osha sehemu za siri, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye chombo safi. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, nayo hutaja kimelea na dawa inayokiweza. Katika utafiti ule wa HATUA, zaidi ya nusu ya E. coli walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Tumefika huku kwa vidonge vya kubahatisha na dozi zilizoachwa njiani.

Kinga haina gharama kubwa. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio yaliyohusisha wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa na UTI za kujirudia na wasiozoea kunywa maji mengi. Walioongeza lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima walipata maambukizi karibu nusu ya wenzao. Kojoa unapohisi haja, na pia baada ya tendo la ndoa. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Uke hujisafisha wenyewe kwa ndani, hivyo usiingize sabuni, shabu wala ndimu. Hivyo vyote huweza kuwavuruga bakteria rafiki. Dawa za kuua mbegu za kiume zinazopakwa ukeni nazo huongeza hatari.

Homa ikiambatana na kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni au kiunoni, maambukizi huenda yamefika kwenye figo. Mgonjwa huyo, pamoja na mjamzito au mtoto mchanga mwenye homa, asipelekwe duka la dawa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.