Bei ya Pasipoti: Soko la Walimu wa Kiingereza Korea Kusini

Mwaka 2024 wazazi wa Korea Kusini walitumia won trilioni 29.2 kuwalipia watoto wao tuisheni, ingawa idadi ya wanafunzi nchini humo inapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka huo wanafunzi wanane kati ya kila kumi walisoma masomo ya ziada ya kulipia, na kwa gharama ya kila mwanafunzi somo lililoongoza lilikuwa Kiingereza. Fedha hizi nyingi huishia katika vituo vya binafsi vinavyoitwa hagwon, ambavyo huonekana kwenye ghorofa za juu za majengo ya biashara katika kila mtaa, na ambavyo jijini Seoul hulazimika kisheria kufunga saa nne usiku. Serikali haikuvipenda siku zote. Utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan ulipiga tuisheni marufuku mwaka 1980, na marufuku hiyo ilifutwa kabisa na Mahakama ya Katiba mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo dola lenyewe lilikuwa limekwisha kuchochea moto: mwaka 1995 lilianzisha EPIK, mpango wa kuleta walimu wa kigeni katika shule za umma, na mwaka 1997 likaanza kufundisha Kiingereza kuanzia darasa la tatu. Ndipo likazaliwa soko la ajira ambalo kijana wa Ohio, Leeds au Durban, aliyemaliza chuo na hajapata kazi kwao, hulijua hata kabla ya kujua Korea iko wapi kwenye ramani.

Masharti ya kuingia katika soko hilo yanasema mengi kuhusu kinachouzwa humo. Viza ya E-2, wanayoitumia wengi wa walimu hawa, hudai digrii ya kwanza katika fani yoyote, cheti cha tabia njema kutoka polisi wa nyumbani, vipimo vya afya, na uraia wa moja kati ya nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kwa kituo cha hagwon cheti cha ualimu si sharti la sheria. Mhitimu wa uhasibu au wa jiolojia anafaa, mradi pasipoti yake iko kwenye orodha. Makala haya yanadai kwamba hapo ndipo mzizi wa mishahara iliyodumaa ya walimu hao ulipo. Soko hili liliweka bei juu ya pasipoti, halikuiweka juu ya ufundi. Pasipoti zilipokuwa adimu bei ilikuwa nzuri, na zilipoacha kuwa adimu hapakuwa na kitu kingine cha kuishikilia bei isishuke.

Maisha ya kila siku ya mwalimu huyu yamepangwa na mkataba wa mwaka mmoja. Akifundisha shule ya umma anaingia asubuhi, ana vipindi 22 kwa wiki pamoja na mwalimu mwenzake Mkorea, na wakati wa likizo za wanafunzi hutakiwa kukaa mezani katika shule tupu, kwa sababu mkataba unalipia uwepo wake. Akiwa hagwon, siku yake huanza watoto wanapotoka shule na kuisha usiku, vipindi kama 30 kwa wiki, kitabu kimoja kikirudiwa kwa makundi tofauti. Akiwa kwenye chekechea ya Kiingereza, anaanza saa tatu asubuhi na kumaliza jioni. Anaishi katika chumba kimoja chenye jiko na bafu kinacholipiwa na mwajiri. Mpaka apate kitambulisho cha mgeni, akaunti ya benki na laini ya simu ya mkataba ni shida, na huduma nyingi za mtandaoni zimefungwa kwake. Bima ya afya hugawanywa nusu kwa nusu na mwajiri, na mchango wa pensheni vilevile. Wamarekani, Wakanada na Waaustralia wanaweza kurudishiwa mchango huo wanapoondoka. Anayemaliza mwaka hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja, na mara nyingi tiketi ya ndege ya kurudi.

Tukiyajumlisha hayo yote, kifurushi hiki kinapendeza. Lakini tuuangalie mshahara wenyewe kwa miaka kumi na mitano. Mwaka 2010 mwalimu mgeni wa hagwon asiye na uzoefu alipata kama won milioni 2.1 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara Korea wakati huo kilikuwa won 4,110 kwa saa, ambacho kwa hesabu ya kisheria ya saa 209 ni won 858,990 kwa mwezi. Mwalimu huyo, basi, alipata zaidi ya mara mbili ya mfanyakazi wa kima cha chini. Mwaka 2025 kima hicho kilifika won 10,030 kwa saa, yaani won 2,096,270 kwa mwezi, huku matangazo mengi ya kazi ya ualimu yakiwa kati ya milioni 2.3 na 2.6. Tofauti imebaki asilimia 10 hadi 25 tu. Muuzaji wa duka la saa 24 chini ya jengo lile lile, akifanya saa kamili na kulipwa kisheria, anamkaribia mwenye digrii aliyevuka bahari ili afundishe ghorofani. Wakati huohuo chekechea za Kiingereza zilitoza zaidi ya won milioni 1.5 kwa mtoto kwa mwezi mwaka 2024, kwa wastani wa wizara ya elimu. Ada ya watoto wawili inapita mshahara wa mwalimu wao. Pango la jengo, mwalimu msaidizi Mkorea na basi la shule vyote hulipwa kutoka ada hiyo, lakini ni wazi kwamba ukuaji wa biashara haukufika mfukoni mwa anayesimama mbele ya darasa.

Mchumi atauliza hapa, na ana haki ya kuuliza: orodha ya nchi saba inabana idadi ya wauzaji, sasa kwa nini bei haikupanda? Ilipanda, ila zamani. Katika miaka ya 1990 Mkorea aliyetaka kusikia Kiingereza cha mzawa alikuwa na njia chache, na mgeni aliyekubali kuja alitaja bei yake. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, wahitimu wasio na ajira katika nchi hizo saba walikuwa wengi kuliko nafasi zilizokuwapo, kwa hiyo orodha iliyoonekana kama uzio ikawa haizuii kitu. Upande wa wanunuzi nao ukabadilika. Kuanzia mwaka 2011 hivi Seoul na mkoa jirani wa Gyeonggi walianza kukata bajeti ya walimu wageni katika shule za umma. Wakorea waliokulia ughaibuni wakarudi na viza isiyomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza kiliacha kupimwa kwa kumlinganisha mtahiniwa na wenzake kuanzia mtihani wa mwaka wa masomo 2018, na sehemu ya joto la ushindani ikahamia hisabati. Halafu kuna hesabu ya watoto wenyewe: mwaka 2023 mwanamke wa Korea alitarajiwa kuzaa watoto 0.72 kwa wastani katika maisha yake. Ofisi za elimu za wilaya nazo huwekea ada za hagwon kikomo, ingawa chekechea za kifahari zina ujanja wa kukipita. Katika soko la namna hii, anayepanda mshahara ni yule ambaye kuondoka kwake kutamgharimu mwajiri. Mwalimu aliyeajiriwa kwa pasipoti anaweza kubadilishwa na pasipoti nyingine kabla muhula haujaisha, na wakala wa ajira yupo kwa kazi hiyohiyo.

Kuna sababu ya pili, nayo imo ndani ya yale marupurupu yanayosifiwa. Kibali cha E-2 kimefungwa kwa mwajiri, na kuhama kabla mkataba haujaisha kwa kawaida kunahitaji barua ya mwajiri ya kumwachia. Nyumba ni ya mwajiri. Tiketi ya kuja, mwajiri huidai irudishwe mtu akiondoka ndani ya miezi sita. Kwa hiyo anayegombana na bosi wake siku ya Ijumaa anaweza kupoteza kazi, makazi na haki ya kukaa nchini kwa mpigo, na mtu wa aina hiyo hadai nyongeza. Malalamiko yanayorudiwa na walimu yanatoka hapo: kufukuzwa mwezi wa kumi na moja wa mkataba ili kiinua mgongo kisilipwe, au kuandikishwa kama mfanyakazi huru anayekatwa kodi ya asilimia 3.3 ili mwajiri akwepe mchango wa pensheni na bima. Kwenye biashara yenye wafanyakazi chini ya watano, vifungu kadhaa vya sheria ya kazi ya Korea, vikiwemo vya malipo ya saa za ziada na kufukuzwa isivyo haki, havitumiki hata kidogo, na hagwon nyingi ni ndogo hivyo. Hatari ya kuchanganya mshahara na makazi ilionekana waziwazi Japani mwezi Oktoba 2007, kampuni ya Nova, iliyokuwa mwajiri mkubwa kuliko wote wa walimu wageni nchini humo, ilipofilisika. Maelfu ya walimu walikuwa hawajalipwa. Kodi ya nyumba ilikuwa imekatwa kwenye mishahara yao bila kuwafikia wenye nyumba, wakaanza kupewa notisi za kuhama, na baadhi yao wakafundisha wanafunzi wao wa zamani kwa malipo ya chakula.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba hakuna anayelazimishwa. Kijana wa Afrika Kusini anayetoka kwenye ukosefu mkubwa wa ajira, au Mmarekani mwenye deni la chuo, halinganishi mshahara wake na wa muuzaji duka wa Seoul. Analinganisha na kile angekipata kwao. Kwa kuwa halipi kodi ya nyumba, anaweza kuweka akiba ya zaidi ya theluthi ya mshahara asipokuwa mtu wa anasa. Hoja hii ni ya kweli na inaeleza kwa nini maombi hayajakoma. Lakini inaeleza uamuzi wa mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa tano, mwalimu yuleyule amekuwa hodari wa kushika darasa la watoto wa miaka sita, na nyongeza yake ni laki chache za won. Ngazi ya kupandia ipo nje ya hagwon: chuo kikuu kinachotaka shahada ya uzamili, au shule ya kimataifa inayotaka leseni ya ualimu, na humo mishahara ni mingine kabisa kwa sababu kinachonunuliwa ni kingine. Wasiofika huko huondoka, na hagwon huanza upya na mgeni asiyejua darasa. Gharama hiyo hulipwa na mzazi, ingawa haimo kwenye risiti.

Watetezi wa orodha ya nchi saba husema inalinda ubora. Historia haiwaungi mkono. Serikali ilipokaza masharti mwaka 2007 iliongeza uchunguzi wa makosa ya jinai na kipimo cha VVU, vitu visivyomwambia mzazi lolote kuhusu ufundishaji. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi wa rangi iliamua mwaka 2015 kwamba kumlazimisha mwalimu mgeni kupimwa VVU ni ubaguzi, na sharti hilo likaondolewa mwaka 2017. Tena orodha haipimi hata lugha ya kwanza. Afrika Kusini imo, na kwa sensa yake ya 2022 wanaozungumza Kiingereza nyumbani hawafiki mmoja kati ya kumi. Ndiyo maana EPIK humdai mwombaji wa huko barua ya kuthibitisha kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la saba. Kwa kipimo hicho hicho Mkenya na Mganda, ambao kwa kawaida husoma kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, wangepita bila jasho. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali angekwama, maana Kiingereza kama lugha ya kufundishia hukikuta kidato cha kwanza.

Orodha hiyo imewahi kufunguliwa mara moja kwa njia ya kuvutia. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Korea na India, ulioanza kutumika mwaka 2010, uliruhusu Wahindi kuwa walimu wasaidizi wa Kiingereza, ila kwao cheti cha ualimu kikawa lazima. Kwa maneno mengine, asiye na pasipoti ile aliambiwa alete ujuzi. Jambo hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa Tanzania na Korea zilitangaza mwezi Juni 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Seoul, kuanza mazungumzo ya mkataba wao wa ushirikiano wa kiuchumi. Mikataba ya aina hii huzungumzwa zaidi kwa bidhaa na madini kuliko kwa watu. Kama wajumbe wa Dodoma watalileta mezani suala la walimu, sharti la cheti halipaswi kuwaudhi, kwa kuwa ndilo pekee linalomfanya mwalimu awe ghali kumpoteza. La kugombania ni kifungu cha kibali: mwalimu aweze kuhama mwajiri bila barua ya kuachiwa, na apewe posho ya nyumba mkononi ili atafute chumba chake mwenyewe.