Hema la Bitana Juu ya Ziwa la Barafu: Yanayopaswa Kuangaliwa Kabla Fedha Haijatoka

Familia nyingi za Kasulu na Kibondo leo zina mtu wao Marekani. Miongoni mwa waliotangulia ni Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, ambao safari zao kutoka kambi za magharibi mwa Tanzania zilianza mwaka 2007. Wakafuatiwa na Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ambao mpango mkubwa wa kuwahamishia huko ulitangazwa mwaka 2015. Hawakuwa watu wa mbali nasi. Tumeuziana nao sokoni, tumeswali nao, na wengine tumeoleana. Baadhi yao walipangiwa majimbo yenye joto kama Texas na Arizona. Wengine walipelekwa kaskazini, Minnesota na majimbo jirani, ambako maziwa huganda na watu wakatembea juu yake.

Ndiyo sababu katika miezi hii ya Desemba na Januari swali moja hutufikia mara kwa mara. Mzazi huja na simu mkononi, ameletewa picha ya hema jekundu au la buluu lililosimama juu ya weupe mtupu, na maneno ya mwanawe: nataka kununua hili, nivulie samaki. Mzazi hajui amjibu nini. Aliyekulia Kigoma anamjua mvuvi kuwa mtu wa usiku wa giza, karabai likiwaka majini, dagaa wakiifuata nuru. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na hakuna aliyewahi kuona hata ukingo wake ukiganda. Kuvua samaki ukiwa umekaa kwenye kiti ndani ya hema, tena juu ya maji, kunasikika kama mzaha wa watoto.

Si mzaha. Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000, na uvuvi wa majira ya baridi ni jambo la kawaida kule kama mpira wa jioni ulivyo huku. Mvuvi hutoboa barafu kwa kekee kubwa, hupitisha mshipi katika tundu hilo na kungoja. Samaki wapo hai chini, kwa hekima ya Muumba iliyo wazi kwa anayetafakari: maji huwa mazito zaidi yanapofika nyuzijoto 4, hivyo yale ya nyuzi 4 hutulia chini na yaliyo baridi zaidi hubaki juu yakaganda. Barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji, ikaelea kama kifuniko cha chungu. Lau ingezama, ziwa lingejaa barafu kuanzia chini.

Tuseme pia kwamba hatuoni sababu ya mzazi kumkatalia kijana wake papo hapo kwa hoja ya israfu. Vijana wengi wa kwetu walioko huko hufanya kazi za zamu katika viwanda vya nyama na maghala, hutoka gizani na kurudi gizani, na wakati wa baridi hujifungia ndani miezi mitatu au minne wakiwa na simu tu. Anayepata sababu ya halali ya kutoka nje pamoja na wenzake, akarudi na kitoweo, amejinufaisha. La kuzungumza naye ni aina ya hema na namna atakavyolitumia, maana hapo ndipo penye hatari ya roho.

Kabla ya hema ni barafu. Idara ya Maliasili ya Minnesota hushauri kwamba barafu mpya iliyo angavu iwe na unene usiopungua inchi 4, yaani sentimita 10, ndipo mtu atembee juu yake kwa miguu. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu, na huhitaji unene wa mara mbili. Tena ziwa moja haliwi na unene mmoja. Penye chemchemi au mkondo huwa jembamba. Wenyeji hupima kwa mtaimbo au kekee kadiri wanavyosonga mbele, na huvaa shingoni vishikio viwili vyenye ncha kali za kujivutia juu endapo barafu itapasuka. Kijana asiyekuwa na mwenyeji wa kumwongoza asiende. Hema zuri halimsaidii aliyesimama pasipobeba.

Mahema yenyewe ni ya namna mbili kuu. La kwanza huwa na fito zinazokutana katikati ya kila ukuta. Ukivuta kitovu cha ukuta nje, ukuta hukakamaa, na kwa dakika chache chumba kimesimama. Hukunjwa likaingia mfukoni, lina nafasi kubwa kwa bei yake, na linafaa kundi la watu watatu au wanne watakaokaa mahali pamoja siku nzima. La pili limejengwa juu ya chombo cha plastiki mfano wa mtumbwi mfupi wa kuburuta. Viti na vifaa hukaa humo, na mvuvi hulivuta turubai kutoka nyuma likamfunika. Mmarekani wa Minnesota aitwaye Dave Genz ndiye anayetajwa sana kwa kulieneza hema la namna hii tangu miaka ya 1980. Linamfaa anayependa kuhamahama kutafuta samaki, lakini ni zito, na kwa mtu asiye na gari kubwa ni mzigo. Kwa vijana wetu, ambao wengi huenda wanne katika gari moja dogo la kuazima, tunaliona la kwanza kuwa na akili zaidi.

Sasa bitana. Hema la kawaida ni kitambaa kimoja kizito. Hema la bitana lina tabaka la kati lililoshonwa baina ya kitambaa cha nje na cha ndani, kama koti la baridi, na tabaka hilo huzuia hewa ya joto isipotee. Muuzaji hutaja joto tu, lakini faida ya pili wanaoijua ni watumiaji: pumzi ya watu na mvuke wa tundu hugonga ukuta wa baridi, ukageuka maji, ukaanza kudondoka kichwani na juu ya nguo, na nguo iliyolowa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni maradhi. Bitana hupunguza sana matone hayo. Hupunguza pia gesi inayochomwa, kwa kuwa jiko dogo likiwashwa kidogo latosha. Hasara zake ni uzito na bei. Huweza kuzidi lisilo na bitana kwa dola 100 na zaidi. Kwa anayekwenda mara mbili kwa msimu, mchana wa jua, huenda halihitaji. Kwa anayekwenda kila wiki, tena na mtoto, hatuoni namna ya kulikwepa.

Lakini kinachozuia joto lisitoke huzuia na kingine. Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asome taratibu, hata kama hana mtu Marekani.

Moto wowote unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikerezi koo kama moshi. Ikivutwa huingia kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni, nayo hushika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Akiwa ndani ya hema lenye joto baada ya juma la kazi, hudhani ni usingizi, akajilaza. Asipotolewa nje mapema haamki.

Kwa hiyo katika hema, kabla ya rangi na idadi ya madirisha, tuulize matundu ya hewa. Yawe zaidi ya moja, yawe ya kufungika na kufunguka kwa urahisi, na jiko likiwaka moja la juu na moja la chini yabaki wazi ili hewa izunguke. Theluji iliyorundikwa pembeni kuzuia upepo isiyazibe. Jiko liwe la gesi lililotengenezwa kwa matumizi ya ndani ya mahema ya namna hiyo, lisimame mbali na ukuta, na lizimwe kabla ya mtu kulala. Majiko mengi ya huko huwa na kifaa kinachozima moto oksijeni ikipungua, na vijana hukitegemea mno. Kifaa hicho hakipimi kaboni monoksidi. Inayopimwa nacho ni oksijeni tu. King'ora cha kaboni monoksidi ni kitu kingine, hununuliwa peke yake, huendeshwa kwa betri, na betri hudhoofika katika baridi kali, hivyo hujaribiwa kila safari. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya hema. Kijana akisema fedha haikutosha kwa vyote viwili, jibu la mzazi liwe kwamba basi haikutosha kwa hema.

Mkaa usiingie humo kabisa, hata uliokwisha kuwa makaa mekundu yasiyo na moshi. Tunalitilia mkazo hili kwa sababu kijana wetu amekulia penye jiko la mkaa na hulihesabu kuwa rafiki. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaodanganya, kwani watu hudhani moshi ndio sumu. Na hapa tusiwatazame wa Minnesota peke yao. Juni na Julai, baridi ya nyanda zetu inaposhuka, ni nyumba ngapi za Kasulu na Kibondo huingiza jiko chumbani, wakafunga madirisha na kuziba kwa kitambaa nafasi iliyo chini ya mlango, kisha wakalaza watoto? Chumba cha matofali kilichozibwa hakina tofauti na hema la bitana. Mzazi anayemkanya mwanawe kwa simu aangalie na jiko lililo karibu na kitanda chake.

Tukirudi kwenye ununuzi, ukubwa una hila yake. Hema linaloandikwa kuwa la watu watatu huwahesabu waliokaa mabega kwa mabega, bila jiko wala ndoo. Wawili ndio watakaokaa kwa raha. Kwa Muislamu kuna hesabu nyingine. Desemba jua la Minneapolis huzama karibu saa 10 na nusu jioni; Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hukaribiana, na anayeshinda ziwani zitamkuta zote akiwa pale. Hema liwe na mahali pa kusujudu mbali na moto na mbali na tundu la maji. Wapo wanaotandika vipande vya povu vinavyounganishwa kama sakafu; hivyo huzuia baridi ya chini isipande miguuni, na juu yake mkeka wa kuswalia hukaa mkavu. Tunashauri vinunuliwe pamoja na hema.

Upepo nao usisahauliwe. Juu ya ziwa hakuna mti wa kuuzuia, na hema jepesi lisilofungwa hukokotwa mbali kama karatasi. Kila hema huja na misumari ya kuzungushwa ndani ya barafu pamoja na kamba. Anayenunua la mkononi ahesabu kama imekamilika, kisha achunguze fito kama hazijapinda, zipu kama zinafungika mkono ukiwa ndani ya glavu, na bitana kama haijaliwa na panya ghalani. Msimu ukiisha mwezi Machi, watu wengi huuza vyao kwa bei nafuu. Anayeweza kusubiri hadi wakati huo amefanya la maana.

Kwa sheria, Minnesota inamtaka mkazi wa miaka 16 na zaidi awe na leseni ya uvuvi, na majira ya baridi humruhusu mishipi miwili. Mlango wa kibanda au hema lenye mtu ndani lazima uweze kufunguliwa kutoka nje, na linaloachwa ziwani usiku liwe na alama za kung'aa kila upande ili wenye magari ya theluji waione. Majimbo mengine yana yake, na leseni yenyewe huambatana na kijitabu cha masharti.

Limebaki la fedha, ambalo kwa kweli ndilo linalowaleta wazazi wengi. Hema la bitana la watu watatu au wanne huweza kufika dola 300 hadi 500, na jiko, king'ora na kekee viko nje ya bei hiyo. Kwa kijana anayetuma nyumbani kila mwezi, ni mwezi mzima au miwili ya matumizi ya wadogo zake. Rai yetu ni kwamba wanne wachange, hema liwe lao wote, na maandishi yawepo ya nani ametoa kiasi gani na nani atalitunza kiangazi, jambo ambalo dini yetu imelihimiza katika kila muamala. Asiyependa kuchanga aanze kwa kukaribishwa katika hema la mwenzake msimu mmoja. Wapo wanaogundua siku ya pili kwamba hawapendi kukaa wakitazama tundu.

Mzazi aliyeletewa picha na maelezo ya Kiingereza asiyoyaelewa aje na simu yake ofisi ya msikiti baada ya sala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Tutamsomea, na tutaanza na matundu ya hewa.