Kalemie Yaisubiri Filamu ya Daktari Mukwege

Jumatano ya tarehe 24 Septemba 2025, kumbi za sinema za Ufaransa zilianza kuonyesha filamu iitwayo Muganga – Celui qui soigne. Ndani yake Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Abidjan, anaigiza kama Daktari Denis Mukwege. Mwongozaji ni Marie-Hélène Roux, na kati ya majina ya watayarishaji limo la Angelina Jolie. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo watazamaji wa tamasha la filamu la Angoulême waliipa tuzo yao, na habari hiyo ikatufikia huku ziwani kwenye simu, pamoja na kipande kifupi cha picha ambacho vijana wamekuwa wakirushiana kwa WhatsApp.

Kalemie, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, haikuwamo katika orodha ya miji iliyoiona wiki hiyo. Hata hivyo sijui mji unaoisubiri kwa moyo mzito kuliko huu. Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara jinsi Rwanda inavyowasaidia, waliingia Bukavu. Muda mfupi baadaye mashua zikaanza kushusha watu bandarini kwetu: familia zilizotoka Uvira na vijiji vya kando ya ziwa, zikiwa na magodoro na masufuria, watoto wakiwa wamelowa. Wengine wangali hapa. Hospitali ya Panzi, ambamo sehemu kubwa ya simulizi la filamu hii inatokea, imo Bukavu, mji ambao kuanguka kwake ndiko kulikowatia mbioni. Watu hawa hawataitazama filamu hii kama wageni, ndiyo maana nasema hukumu yao lazima isikilizwe, hata kama magazeti ya Paris yamekwisha kutoa yake.

Kisa chenyewe wengi wetu tunakijua kwa vipande. Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Alikuwa daktari wa Lemera hadi tarehe 6 Oktoba 1996, siku wagonjwa na wauguzi walipouawa katika hospitali hiyo, vita vya kwanza vikianza. Mwaka 1999 alifungua Panzi akitaka kuwahudumia wanawake wanaojifungua. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa, kisha amepigwa risasi. Tangu hapo wamepita maelfu kwa maelfu. Tarehe 25 Oktoba 2012, mwezi mmoja baada ya kusema kwenye Umoja wa Mataifa yale ambayo wakubwa hawakutaka yasemwe, watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, na mmoja wa waliomlinda akafa. Alikwenda uhamishoni, akarudi Januari 2013. Kilichomrudisha ni wanawake walioanza kuuza mananasi na vitunguu ili wamchangie nauli ya ndege. Ikiwa waandishi wa filamu wameacha sehemu hiyo, nitasikitika sana, maana hapo ndipo mgonjwa anapomponya daktari wake.

Halafu kuna siasa, na hapa ndipo filamu inapokuwa na moto. Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad haikumnyamazisha. Amekuwa akidai ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 itolewe kabatini na ifanyiwe kazi. Ripoti hiyo inaorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyotokea Kongo kati ya 1993 na 2003, na wahusika wake wengi bado wanatembea, baadhi wakiwa na vyeo. Mwaka 2023 aligombea urais na hakufikisha hata asilimia 1 ya kura. Watu walimpenda, lakini kura zao zilikwenda kwingine. Mwaka 2025, mwaka ambao wanadiplomasia walisaini makubaliano ya Washington kati ya Kongo na Rwanda tarehe 27 Juni na tamko la Doha kati ya Kongo na M23 tarehe 19 Julai, filamu ilikuja na swali ambalo maandishi hayo yameligusa kwa ncha ya kidole tu: nani atajibu kwa yaliyotendwa?

Kuhusu Bankolé, mimi nina imani naye. Mwaka 1987 Wafaransa walimpa tuzo ya César ya mwigizaji chipukizi kwa Black Mic-Mac, na tangu wakati huo amecheza na waongozaji wakubwa. Ila tazama sinema zilimpa nini ilipofika zamu ya Afrika yenye vita. Katika Casino Royale ya mwaka 2006 alikuwa kiongozi wa waasi kutoka Uganda. Katika White Material ya Claire Denis, mwaka 2009, alikuwa ofisa wa waasi aliyejeruhiwa. Ameshika bunduki za uongo kwa miaka mingi, na sasa, akiwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, amekabidhiwa kisu cha upasuaji. Uso wake una utulivu ambao waigizaji wengi hawana. Anaweza kukaa kimya kwenye picha na ukaona anachofikiri. Mukwege naye husema kwa sauti ya chini, polepole, kama mhubiri anayejua kwamba kanisa linamsikiliza. Nadhani wanaendana.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Filamu imetokana na kitabu Panzi, ambacho Mukwege alikiandika pamoja na daktari wa upasuaji Mbelgiji Guy-Bernard Cadière na kikatoka mwaka 2014. Ni kitabu cha madaktari wawili. Katika filamu Cadière anaigizwa na Vincent Macaigne, na urafiki wao ndio uti wa mgongo wa simulizi. Urafiki huo ni wa kweli na umeokoa watu. Cadière alileta Panzi upasuaji wa matundu madogo, na hilo si jambo dogo. Lakini tumeona mara nyingi sinema ambamo Mzungu anapewa safari ya kujifunza, na wanawake wa Kongo wanapewa kitanda cha kulalia. Nitakapoiona Muganga nitahesabu ni mara ngapi mwanamke anaonekana akiamua jambo, akikasirika, akicheka, akimkatalia daktari. Panzi halisi imejaa wanawake wa namna hiyo.

Mkoa wetu una sababu ya kuwa mkali kwa sinema za wengine. Mwaka 2000 Raoul Peck, Mhaiti aliyekulia Léopoldville, alitoa Lumumba, na Eriq Ebouaney akamwigiza Patrice kwa namna ambayo watu hawajaisahau. Filamu hiyo ilipigwa picha Zimbabwe na Mozambiki, kwa sababu Kongo ilikuwa vitani. Kalemie yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Mwaka 2016 ikaja The Siege of Jadotville, Jamie Dornan akiwa kamanda wa Waayalandi wa jeshi la Umoja wa Mataifa, na mandhari yote ya Katanga yakatengenezwa Afrika Kusini. Kikosi kingine cha Waayalandi kilikuwa na kambi hapa, mji ulipokuwa ukiitwa Albertville, na tarehe 8 Novemba 1960 askari wao tisa waliuawa Niemba, magharibi mwa mji. Kwao ni msiba ambao bado wanaukumbuka. Kwetu ni sehemu ya vita vya Waluba dhidi ya kujitenga kwa Katanga, na upande huo wa kisa bado haujapata mwongozaji.

Linaloniuma zaidi ni la Che Guevara. Steven Soderbergh alimpa Benicio del Toro zaidi ya saa nne za filamu mwaka 2008, akaonyesha Kuba, akaonyesha Bolivia, na Kongo akairuka. Che alivuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 na akakaa upande huu miezi saba. Tarehe 29 Juni mwaka huo watu wake walishambulia Bendera, kwenye mtambo wa umeme ulio kaskazini yetu. Wakashindwa. Mtambo huo ndio unaoupa mji wa Kalemie umeme mpaka leo, pale unapotaka. Kila kibanda cha video mjini, kila simu inayochajiwa ili kijana atazame filamu, inategemea mahali ambapo sinema kubwa ya Marekani haikuona haja ya kupafika.

Serikali zetu nazo zimewahi kuziogopa filamu. Mwaka 2015 Thierry Michel na Colette Braeckman walitengeneza filamu ya hali halisi juu ya Mukwege, L'homme qui répare les femmes. Septemba mwaka huo Kinshasa iliipiga marufuku. Waziri wa habari, Lambert Mende, alidai kwamba maneno ya mashahidi yalitafsiriwa vibaya ili kulichafua jeshi. Oktoba marufuku ikaondolewa. Katika mabishano yale yote hakuna aliyefikiri kuwauliza watu wa mashariki, ambao wangewasikiliza wale mashahidi moja kwa moja bila kusoma maandishi ya chini ya picha, na wakasema ni nini kilichosemwa.

Na ubakaji huu hauishii Kivu. Agosti 2021 shirika la UNHCR lilitangaza kwamba katika wiki mbili tu yalikuwa yameripotiwa matukio 243 ya ubakaji katika sehemu ya Kongolo, hapahapa Tanganyika, na 48 kati yake yaliwahusu watoto. Makundi yenye silaha yalikuwa yakigombania machimbo. Kabla ya hapo, katika vita vya Watwa na Waluba vilivyopamba moto tena mwaka 2016, wanawake waliokuja kulala kwenye turubai pembezoni mwa Kalemie walikuwa na visa vilevile, na wengi hawakupata Panzi ya kukimbilia. Mwanamke wa Kongolo akimwona Bankolé amevaa koti jeupe atauliza kwa nini daktari wa aina hiyo yuko mbali naye kiasi hicho. Ni swali la siasa kuliko yote, na natumaini filamu inalipa nafasi.

Kwa hiyo naomba isiishie kwenye kumbi za Ulaya na kwenye onyesho moja la waheshimiwa Kinshasa. Njia ya kuileta ipo. Shirika la Search for Common Ground limewahi kuzungusha sinema za usiku katika vijiji vya mashariki mwa Kongo, shuka jeupe likitundikwa, jenereta ikiwekwa mbali kidogo, na mazungumzo yakifuata. Huko Goma, Petna Ndaliko na wenzake wa kituo cha Yolé!Africa wamelea kwa miaka mingi vijana wanaojua kutengeneza filamu na kuzionyesha. Kuhusu lugha, ng'ambo ya ziwa marehemu Lufufu aliwafundisha Watanzania kutazama sinema za Hong Kong na Hollywood kwa Kiswahili, sauti moja tu ikibeba waigizaji wote, na huko Nairobi DJ Afro amefanya hivyo kwa mtindo wake. Filamu hii isiingizwe vichekesho, bila shaka. Inahitaji sauti ya mwanamke, mtulivu, wa huku kwetu, anayesema Kiswahili cha Kalemie na Uvira.

Onyesho lenyewe liandaliwe kwa akili. Watoto wawe nyumbani. Wauguzi na washauri wa hospitali wawepo, kwa kuwa kati ya watazamaji watakuwapo waliotendewa, na picha inaweza kumwangusha mtu. Viongozi wa mkoa wakaribishwe, lakini hotuba zao zingoje mwisho, na kabla yao kipaza sauti kipite kwa akina mama. Wao watasema kama Bankolé ameshika mkono wa mgonjwa namna daktari anavyoushika, kama kilio kile ni kilio, na kama majina ya waliotenda yametajwa au yamefichwa. Marie-Hélène Roux akitaka kujua amefanya kazi gani, barua ya watazamaji wa Kalemie ingemfaa pamoja na tuzo ya Angoulême.