Bosi akinyamaza, tetesi hushika usukani

Waliokuwa wakifanya kazi Uingereza mwaka 2003 watakumbuka kisa cha Accident Group ya Manchester. Kampuni hiyo ilipofilisika mwishoni mwa Mei mwaka huo, wafanyakazi zaidi ya 2,000 walipata habari kwa ujumbe mfupi wa simu za mkononi. Ungedhani waajiri walijifunza. Tarehe 17 Machi 2022, kampuni ya P&O Ferries iliwafukuza mabaharia wapatao 800 kwa video iliyorekodiwa, na siku chache baadaye mkurugenzi wake akakiri mbele ya wabunge kwamba sheria iliwataka wazungumze kwanza na vyama vya wafanyakazi, nao hawakufanya hivyo. Safari zao za Dover na Calais zilisimama kwa wiki kadhaa.

Hayo ni makubwa yaliyofika magazetini. Madogo hayaandikwi, ingawa ndiyo yanayokula kazi kila siku.

Miaka yangu ya mwanzo London nilibeba mizigo ghalani, zamu ya usiku. Msimamizi wetu wa kwanza hakuwa msomi, lakini kila usiku kabla ya kengele alitukusanya dakika tano: malori mangapi yanakuja, nani hayupo, jana tulikosea wapi. Kisha aliuliza, "Kuna swali?" na akangoja kweli. Tulikuwa Wasomali, Wapoland, Wakongo na sisi wa pwani, na kila mtu alijua afanye nini.

Alipoondoka, aliyemfuata akaona mkutano ule ni kupoteza muda. Akaanza kubandika karatasi ukutani. Usiku mmoja Mkongo mmoja akanivuta mkono: "Kaka, wewe si mwandishi wa habari? Tusomee hii." Niliisoma mara tatu. Kiingereza kilikuwa kirefu, na nilichoambulia ni kwamba mkataba na mteja mkubwa "unapitiwa upya".

Basi ikawa ghala linafungwa! Watu wakawa wanajificha chooni kupiga simu za kutafuta kazi. Mizigo ya Leeds ikapelekwa Bristol. Madereva wawili wa foklifti, waliokuwa hodari kuliko wote, wakaacha kazi. Wiki ya tatu ndipo tukaambiwa kwamba kilichokuwa kikijadiliwa ni bei tu, na hakuna atakayepunguzwa.

Nisiwalaumu Waingereza peke yao. Nyumbani, gazeti nililoliandikia lilipofungwa, tulisikia redioni saa mbili usiku, kurasa za kesho zikiwa mezani. Mhariri alijua tangu Jumatatu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakutaka kutuvunja moyo, tungeshindwa kufanya kazi. Wakati huo sisi tulikuwa na siku nne tunanong'ona kwenye ngazi, na toleo la Alhamisi lilitoka na ukurasa mmoja uliochapwa mara mbili.